Uso wa Mama, Mara Tatu

Karakana, 2 Machi

Mdogo wangu Kidevu,

Habari za huko? Huku wazima. Picha uliyomchora mama imefika salama, haikukunjika hata pembe moja, na unajua mimi na pembe. Nimeitia fremu na kuitundika sebuleni, ukutani, mkabala na kiti cha Mzee. Kila anayeingia anasimama kuiangalia. Jirani yangu mkata vioo alikaa mbele yake mpaka chai ikapoa, akasema huyu mama anaonekana kama kuna neno analimeza.

Sasa usikasirike. Mzee ameipenda, lakini tunaona ingekuwa kubwa zaidi. Siyo kidogo, mara tatu. Hii ina sentimita thelathini kwa arobaini. Wewe tufanyie tisini kwa mia na ishirini. Mbao nimeshazitenga. Ndogo ilikula sentimita mia na arobaini kuizunguka, kubwa itakula mara tatu yake, mita nne na ushee. Na kwa vile uliniambia ndogo ilimaliza kopo moja la rangi, nakutumia makopo matatu na kitambaa cha kuchorea. Usije ukasema kaka yako hakufikirii.

Ukiweza kumaliza kabla mwezi wa tano haujasonga, itakuwa vizuri sana. Usiulize kwa nini.

Kaka yako,
Pembe


Juu ya duka la matairi, 9 Machi

Kaka Pembe,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama nina wageni. Makopo matatu!

Kaka, wewe unazunguka picha. Maisha yako yote unazunguka: ubao wa juu, wa upande, wa chini, wa upande, umemaliza. Ukiambiwa mara tatu, kila ubao unakuwa mara tatu, na hesabu yako ya mbao iko sawa, sikatai. Lakini mimi siizunguki, mimi naijaza. Upana umekuwa mara tatu, urefu nao umekuwa mara tatu, na rangi yangu inatakiwa ifike kote. Laza ile fremu ndogo sakafuni uone inaingia mara ngapi ndani ya hiyo kubwa unayoitaka. Tatu kwa mstari, na mistari yenyewe ni mitatu. Tisa, kaka! Makopo uliyotuma yatamfikisha mama kwenye nyusi tu. Tatizo lako vioo unamwachia jirani, ndiyo maana hujawahi kuumizwa kichwa na kitu cha katikati.

Na siyo rangi peke yake, hata mkono wangu utafanya kazi mara tisa. Mchana nachora ukuta wa wodi ya watoto, baiskeli na samaki na treni, na mkataba unaisha mwisho wa mwezi wa tano. Mama atapata jioni na Jumapili.

Halafu sebule yetu naijua. Ina kiti cha Baba, redio na mlango. Picha yote hiyo mnataka kumwonyesha nani? Na mtu akishaniambia nisiulize kwa nini, hapo ndipo naanza kuuliza.

Mwambie Baba barua yake ya mwezi uliopita sijaiona.

Mdogo wako


Karakana, 15 Machi

Kidevu,

Nimelaza fremu sakafuni. Mteja aliyefuata cheti chake cha ndoa alinikuta nimepiga magoti na chaki mkononi, akadhani nimepoteza msumari, akainama kunisaidia kutafuta. Tulihesabu wote wawili, yeye kutoka kulia, mimi kutoka kushoto. Tisa. Miaka yote hii nakata mbao, na sikuwahi kuona kwamba kilicho ndani hakifuati mwendo wa kilicho pembeni. Yule mteja aliondoka bila cheti chake, ikabidi nimkimbilie.

Makopo mengine sita haya hapa.

Kuhusu sebule, redio tumeihamisha. Mzee hajambo, anakusalimu. Hajaandika kwa sababu saa za watu zimejaa mezani, hana pumzi. Wewe chora tu.

Kaka yako,
Pembe


Nyumbani, 17 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Picha ya mama yako nimeipata, ni nzuri sana, umemtoa alivyokuwa. Mimi mzima, kula nakula, kulala nalala. Kaka yako ana maneno mengi, usimsikilize. Usije ukaacha kazi kwa sababu yoyote ile. Maliza ukuta wa wale watoto. Saa yako bado inakwenda?

Baba yako,
Fundi Saa


Juu ya duka la matairi, 24 Machi

Kaka,

Leo sina utani. Nimekupigia simu mara kadhaa, ukasema mtandao mbaya, ukakata. Basi nakuandikia, karatasi haina mtandao.

Baba ameniandikia. Nadhani hukujua. Nimeiweka barua yake kando ya ile ya mwaka jana. Karatasi ni ile ile ya mistari, ukurasa mmoja na mmoja. Ya mwaka jana ina habari za bomba lililopasuka, za paka wa jirani na watoto wake, za mteja aliyeosha saa kwa sabuni, na bado akapata nafasi ya kunigombeza kwamba sili. Hii ina salamu na maneno machache, na imejaa mpaka chini.

Nikachukua rula. Kila herufi imekuwa mara mbili kwa kimo. Na kwa kuwa mkono ni ule ule, kila neno limekuwa mara mbili kwa urefu. Mara mbili huku, mara mbili kule. Ukurasa ulikuwa unabeba habari zote, sasa unabeba robo yake. Mimi niliyekucheka kwa makopo nilikaa na ile barua mapajani nikaipima tena.

Baba alikuwa anaandika herufi ndogo kama skrubu zake. Mtu kama yule haandiki hivi kwa kupenda. Baba haoni, au haoni vizuri, na ninyi mmenificha. Niambie ukweli wote. Nisipopata jibu naacha samaki bila mikia yao, napanda basi.

Mdogo wako


Karakana, 30 Machi

Mdogo wangu,

Aliniapisha. Alisema ukijua utaacha kazi uje kumshika mkono, na mkono wake hautaki kushikwa. Nisamehe.

Ilianza kabla ya mwaka kuisha. Kila jicho lake lina doa katikati. Siyo doa la kuonekana na watu, analiona yeye tu, kama kidole cha mafuta kwenye kioo. Pembeni anaona: mlango, dirisha, mtu anapita. Anachokiangalia ndicho asichokiona. Daktari wa macho anasema pembeni huenda pakabaki, lakini doa litaendelea kupanuka, na dawa ya kulirudisha nyuma hana. Saa za watu amezirudisha zote. Nilikudanganya, meza yake ni tupu.

Unakumbuka ile picha ya kitambulisho, iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vifaa? Kila asubuhi anafunua, anamsalimu mama, ndipo anaanza kazi. Kazi imekwisha lakini kufunua hajaacha. Siku moja alifunua akaniuliza kama picha imebanduka. Ilikuwepo, mdogo wangu. Ilikuwa mbele ya pua yake. Akajaribu lenzi yake ya saa, ikamwonyesha ukungu mkubwa wenye mhuri.

Ndipo nilipokutumia nakala yake, nikakuomba uikuze. Ilipofika ile ya kwanza nikamkalisha kwenye kiti. Akaangalia sana, akasema, "Fremu naiona vizuri. Umefunga pembe safi." Pembe zote nne aliziona, na mama aliyekuwa katikati hakumwona. Nilitoka nje nikajifanya naita paka.

Nikampa chaki, nikamwambia asimame karibu na ukuta, mimi nikae kwenye kiti chake. Hapana, nimeandika vibaya. Yeye alikaa kitini, mimi nikasimama ukutani na chaki, akaniambia doa linaanzia wapi na linaishia wapi. Nikachora. Lilitoka sawasawa na picha yako. Mara tatu niliitaja kwa sababu ndizo mbao ndefu nilizokuwa nazo, sikuwa na hesabu nyingine.

Ninachoogopa ni kwamba atamsahau uso. Ameshaanza kuniuliza nywele alikuwa anazigawa upande gani. Usije. Chora.

Pembe


Juu ya duka la matairi, 6 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua. Usimgombeze kaka, umejisema mwenyewe kwa mwandiko. Nimelia, nimenawa uso, nimerudi kazini, kwa hiyo usianze kunipigia kelele. Ukuta sijauacha.

Kaka akusomee hii taratibu. Picha ikikua, doa lako halikui pamoja nayo. Kwenye picha ndogo linamfunika mama mzima. Kwenye hii mpya litachukua sehemu moja kati ya tisa, na nane zitabaki zako. Hata likiongezeka kidogo, tutakuwa tumelitangulia. Kaka alichagua mara tatu kwa ajili ya mbao zake, lakini amepatia.

Shida yangu ni nyingine. Unajua tunavyokuza picha za mabango: picha ndogo unaigawa miraba, kitambaa unakigawa miraba mikubwa, halafu unahamisha mraba kwa mraba. Mraba ambao kwenye kitambulisho ni wa kichwa cha kiberiti, hapa umekuwa kiganja changu kizima. Naangalia ndani yake, hamna kitu. Kwenye ile ndogo nilikuwa nadanganya kwa mpigo mmoja wa brashi, nikasonga mbele. Hapa hakuna pa kujificha. Nikimkuza mama, nakuza na kila mahali nisipomjua.

Baba, nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto alipoondoka duniani. Nina mikono yake, nina sauti ya viatu vyake mlangoni. Uso sina. Nilichora kutoka kwenye karatasi.

Niambie basi. Ile alama kando ya mdomo ni baka la ngozi au picha imekwaruzwa? Nyusi zake zilikuwa sawa? Alikuwa anaangalia nini? Na kidevu, Baba. Mhuri umekaa juu yake chote. Kwenye ndogo nilitia kivuli, watu wakasifu kivuli. Sasa kivuli hicho ni kipana kama sahani.

Hatujawahi kukuuliza habari zake kwa sababu ulikuwa unanyamaza. Sasa naomba usinyamaze.

Mwanao


Nyumbani, 13 Aprili

Mwanangu,

Anayesema ni mimi, anayeandika ni kaka yako. Akiongeza la kwake ameambiwa alitie kwenye mabano. (Sitaongeza. P.)

Kwanza mwandiko. Niliandika ile barua nikaona ni mwandiko wangu wa siku zote. Kumbe nimejaza ukurasa kwa salamu. Una macho makali, na sikufurahi kwa jinsi ulivyoyatumia, lakini basi.

Ile alama siyo baka wala mkwaruzo. Siku ile mpiga picha alimwambia, "Usicheke bibie, picha ya kitambulisho haichekewi." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha, nimemshikia mama yako mkoba, nikachukua na kofia yake ya kike nikaivaa. (Mzee anacheka hapa, kalamu imebidi isubiri.) Alijizuia, mashavu yakamjaa, lakini kicheko kikamponyoka upande mmoja. Kikunjo ndicho hicho. Kwa hiyo usiulize alikuwa anaangalia nini. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nyusi hazikuwa sawa. Ya kushoto ilikaa juu ya mwenzake, na akikasirika ilipanda zaidi, ukiiona ulikuwa unatafuta mlango. (Hilo hata mimi nalikumbuka vizuri.) Chini ya macho alikuwa na weusi kidogo, usiuondoe, alikuwa ananyonyesha huyu anayeandika na hakuwa analala. Nywele, nimekumbuka sasa hivi, aligawa katikati, siku hiyo zimeenda kushoto kwa sababu ya upepo wa mlangoni. Ngozi yake kwenye paji la uso ilikuwa inang'aa kuliko mashavuni. Masikio madogo. Alikuwa anayachukia, mimi nilikuwa nayapenda.

Kuhusu kidevu. Unadhani jina lile nilikupa kwa utani? Ulipozaliwa, mkunga alikuleta umefunikwa nguo kutoka kichwani mpaka puani, mdomo na kidevu ndivyo vilivyokuwa nje, nikasema huyu hana haja ya kutafutiwa mama. Aliyelifanya la utani ni kaka yako. (Kweli.) Kioo unacho. Chora.

Sikuwaambia haya yote kwa sababu kila nikianza, naokota saa ya mtu na kuifungua. Leo meza ni tupu. Na kaka yako anaandika polepole, nimepata muda wa kukumbuka.

Baba yako,
kwa mkono wa Pembe


Juu ya duka la matairi, 28 Aprili

Kaka,

Mama amekuja kwenye bomba la plastiki, amekunjwa rangi ikiwa nje ili isipasuke. Mkunjue kwa mikono miwili, usimwite mteja akusaidie. Makopo tisa yalikwisha yote. La kumi nililitafuta mwenyewe kwa ajili ya kidevu, maana nilikifuta na kukirudia mpaka nikaacha kuhesabu. Sikuwahi kujitazama kwenye kioo muda mrefu namna ile. Mara naona mimi, mara naona yeye, mwisho nikaacha kubishana, nikachora nilichokiona.

Nilimuuliza muuguzi wa macho hapa hospitalini. Mwambie Baba asiangalie macho ya mama. Mtu mwenye doa la katikati aangalie pembeni ya kile anachokitaka. Aangalie sikio dogo la kushoto, macho yatakuja yenyewe. Akitaka kidevu aangalie bega.

Niandikie siku hiyo hiyo. Naogopa, kaka. Nimejaza miraba yote na sijui kama aliyetokea ni mke wake au ni mwanamke niliyemtunga.

Kidevu


Karakana, 6 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia siku hiyo hiyo kama ulivyoagiza, mikono bado ina gundi.

Mbao zimetosha, kimebaki kipande cha kidole. Mkata vioo alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukamtundika. Mzee aliposikia nyundo aliingia chumbani, akatoka na shati lililopigwa pasi, amechana na nywele zake zilizobaki. Mkata vioo akaniangalia, akaaga bila kumaliza chai.

Akakaa. Akaangalia mbele kwa muda, akasema, "Naona fremu." Nikamwambia, "Mzee, usimwangalie machoni, angalia sikio la kushoto." Akasema, "Lile dogo?" Nikasema lile lile.

Akageuza shingo kidogo kidogo, kama alivyokuwa akitega saa sikioni kusikia inapokwama. Akatulia. Halafu akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo, "Usicheke bibie, picha ya kitambulisho haichekewi."

Akacheka yeye. Akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Nilimshika mkono na hakuuondoa. Akamzunguka mama mzima hivyo, kutoka sikio hadi paji, kutoka paji hadi sikio la pili, akinitajia kila alichokipata. Hukumtunga, mdogo wangu. Ondoa wasiwasi.

Mwisho akaangalia bega ili akione kidevu. Hapo alirudi mara mbili. Nikadhani amechoka. Akaniuliza, "Hiki ni cha nani?" Nikamwambia ni cha mama, na ni cha Kidevu, amekitoa kwenye kioo. Akasema, "Lakini hiki ni cha mtu mzima. Mtoto wangu amekuwa mtu mzima lini?" Ulipokuja mara ya mwisho doa lilikuwa bado halijaanza, na wala hakukuangalia vizuri, alikuwa ameinamia saa ya mtu.

Ameomba karatasi na ile kalamu yangu nene ya kuandikia mbao. Nilitaka kumwandikia, akanifukuza. Ametumia karatasi tatu, zimo humu ndani. Zipange kwa namba nilizotia nyuma.

Kaka yako,
Pembe


6 Mei

NIMEMWONA.

UKUTA UTASUBIRI.

NJOO UKAE KARIBU, NIKUONE NA WEWE.

BABA